Mwenye Ufunguo

Kila alfajiri nafungua bomba la ng'ambo ya reli
kwa ufunguo ninaouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu,
na kabla maji hayajakohoa na kutoka
nasikia mahindi yakilipuka.
Magunia arobaini. Yalilipuka kama bisi
ndani ya kinu cha mama yake, usiku ule wa Januari,
nasi tukacheka.
Nilicheka. Nisijifiche nyuma ya wengi.

Sasa yeye ndiye mwakilishi wa wadi,
Nyokabi, bintiye mwenye kinu.
Sikumpigia kura. Hilo pia analijua.

Ofisi yake ya Elburgon iko nyuma ya duka la dawa za mifugo
na mikutano yake huanza na birika.
Hasemi "tuombe." Analiteka jikoni,
anakaa, viganja juu ya magoti,
na hakuna afunguaye kinywa mpaka lichemke.
Wazee hukohoa. Vijana huchungulia simu.
Baridi ya Mau hupenya chini ya mlango
kama mgeni asiyealikwa.

Alijifunza hivyo hemani, katika uwanja wa maonyesho, Nakuru,
akiwa na miaka kumi na sita,
akimwomba Mungu aniue.
"Nilikutaja kwa jina," aliniambia, "jina lako na la baba yako.
Sikukosea hata herufi.
Kisha usiku mmoja maneno yakaniishia,
nikabaki nimekaa tu.
Humo ndimo nilimojibiwa,
wala sikujibiwa nilichotaka."

Fedha zilipokuja zilitosha kisima kimoja.
Mjomba wake Karuga akapiga meza hadi vikombe vikaruka:
"Waliotuchoma ndio wanywe kwanza?"
Birika lilikuwa bado halijachemka.
Akamwacha asimame hivyo, mkono hewani, hadi likachemka.
Kisha akatandaza ramani katikati ya vikombe
na kuuliza swali moja:
nani anatembea mbali zaidi?
Alikuwa Chepng'eno wangu, wa darasa la nne,
na mtungi wa manjano mgongoni.
Alijua ni mtoto wa nani.
Akaweka kidole hapo hapo.

Siku ya kufungua nilijificha kwenye mikaratusi.
Akaniita kwa jina langu, na la baba yangu,
hakukosea hata herufi.
Nilitarajia hotuba. Nilitarajia niaibishwe,
na nilikuwa tayari; aibu ningeijua pa kuiweka.
Akanisogelea, akasema taratibu, watu wasisikie:
"Sigilai, mdogo wako.
Aliyemtupa mferejini alikula mezani kwetu.
Nilimpakulia kwa mikono hii. Nilijua, nikanyamaza.
Usidhani nimekuja kukusamehe tu.
Nimekuja na deni."
Akanitia ufunguo kiganjani. Ulikuwa baridi kama umande wa Julai.

Walioshangilia walishangilia maji.

Ramani yake nimeanza kuisoma.
Zahanati iko kwetu, mkunga anatoka kwao.
Shule iko kwao, kuni za jikoni zinatoka kwetu.
Hakuna anayeshiba peke yake humo,
na hakuna anayepita bila kumwona mwenzake usoni.
Wapo wasemao ni ujanja wa siasa.
Mimi nasema ni ile hema, bado anakaa ndani yake,
na anatujenga kutoka mle.

Lakini sijamaliza.
Alhamisi Karuga huvuka reli na punda wake.
Bomba ni la wote, ndivyo lilivyoandikwa.
Sina ushahidi, nina macho yake tu,
yasiyonitazama.
Wiki ya kwanza nilimwambia maji yamekatika.
Ya pili nikamjazia nusu.
Sasa namjazia mitungi yote minne, na hatusemi,
yeye ameshika kamba ya punda, mimi nimeshika koki.
Maji yanapiga kelele, kisha yananyamaza.
Mtungi umejaa. Naleta mwingine.